Maneti Mbili Bila Mashine

Sokoni sianzi kamwe na kitu ninachokitaka. Nikiona mashine ya zamani ya michezo ya televisheni imelala juu ya turubai, kati ya pasi ya umeme na viatu visivyo na wenzake, naipita kama jiwe. Nainua pasi. Nauliza bei ya pasi, nalalamika kwamba waya wake umekatika, nasema nyumbani nina pasi ya mkaa isiyomsubiri mtu wa umeme. Naondoka, narudi. Muuzaji akishuka kidogo, nami napanda kidogo. Tukifika mahali ambapo wote wawili tunajifanya tumeumia, nalipa. Pasi ikishaingia kwenye mfuko, nanyosha kidole upande wa mashine, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, na kusema: "Na matabisi?"

Asiyetoka kwetu huenda halijui neno hilo. Matabisi ni kile kidogo kinachoongezwa baada ya biashara kwisha. Ukinunua fungu la mihogo, mama anakuwekea kipande juu yake. Ukinunua samaki, unaongezewa kasamaki. Si zawadi, maana umeiomba. Wala si bidhaa, maana hukuilipia. Muuzaji wa Kisangani anayekataa kutoa matabisi anaonekana mtu aliyekosa malezi. Na kilichotoka kama matabisi hakidaiwi tena. Hata akigundua kesho kwamba alikupa kitu cha thamani, atauma midomo yake, lakini hatakuja kugonga mlango wako.

Sehemu kubwa ya mkusanyiko wangu imeingia nyumbani kwa mlango huo. Nina pasi nyingi kuliko nguo za kupiga pasi.

Wanaonizunguka hapa Kabondo wamekwisha kusema yote wanayoweza kusema. Kwamba mama mzima hachezi michezo ya watoto. Kwamba mtu anayeishi kwa kukaanga mikate mbele ya nyumba angenunua mabati, si kaseti za michezo zilizokufa. Mwanaume mmoja, mtumishi wa serikali, mjane, mtu mpole kweli, alitaka kunioa na akaweka sharti moja tu: yale makartoni ya mashine yabaki nilikotoka. Nilimwambia makartoni yalinijua kabla yake. Hakukasirika. Alioa mwingine, na bado ananunua mikate kwangu asubuhi.

Halafu kuna habari ya pombe. Meno ya kaseti, yale ya shaba yanayoingia ndani ya mashine, hushika kutu haraka katika unyevu wa huku kwetu. Wengi huyapuliza kwa mdomo, na mate yanaleta kutu zaidi. Mimi nayasugua kwa kitambaa kilicholowa lotoko, ile pombe kali ya mahindi na mihogo inayopikwa nyuma ya nyumba. Hakuna kutu inayoishinda. Lakini mtu anayeagiza lotoko kila wiki na hanywi, nani atamwamini? Jirani yangu wa kikundi cha maombi alikuja siku moja kunishauri kwa sauti ya chini, akanishika mkono, akaniambia Mungu huwasaidia hata waliofika mbali. Nilimwonyesha kitambaa, kimekuwa cheusi kama sufuria. Akakinusa, akakirudisha, akasema kwamba kwa vyovyote vile naiharibu pombe ya watu.

Wapinzani wangu sokoni si wakusanyaji. Katika miaka yote hii sijakutana na mkusanyaji mwingine mjini. Wapinzani wangu ni mafundi wa redio, wanaovunja mashine ili wapate transfoma na waya zake, na wale wanaoyeyusha alumini kutengeneza sufuria. Mashine nzima, iliyovuka bahari na kupanda mto kutoka Kinshasa, wao wanaiona nyama ya kugawana. Kwa hiyo ni lazima nifike kabla yao. Nikisikia mashua imefika na mizigo ya mitumba, nafunika mafuta yangu, nazima moto, napanda toleka, baiskeli zetu za kubeba watu, na mwendeshaji ananijua, haulizi tunaenda wapi. Nikisikia mgeni wa shirika fulani anarudi kwao na kuuza vitu vya nyumba, niko getini mapema. Niliwahi kuvuka mto kwa mtumbwi hadi Lubunga kwa sababu mtu mmoja alisema kwamba nyumbani kwa mwanafunzi fulani ameona kaseti imewekwa chini ya mguu wa meza. Ilikuwa kweli. Nilipima ule mwanya kwa kidole, kesho yake nikarudi na kipande cha mbao nilichokata sawasawa, nikampa yule binti mbao na mikate, nikachukua kaseti. Meza yake haikuyumba. Bila shaka alifikiri nina ugonjwa.

Na kila mara nataka kitu kizima. Mashine na waya wake, waya na maneti zake, yaani vile vya kushika mkononi na kubonyeza. Nikipata kimoja bila mwenzake, silali mpaka nimtafute mwenzake, hata kama itachukua miaka. Watu husema ni kwa sababu ya maisha yetu. Waseme. Mimi najua tu kwamba kitu kilichotenganishwa na vyake kinanikera, na kwamba chanzo chake kilikuwa maneti mbili.

Papa alikuwa fundi wa injini kwenye mashua kubwa zinazopanda na kushuka kati ya hapa na Kinshasa. Nilipokuwa mdogo alirudi safari moja na mashine ya michezo ndani ya kartoni iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ilikuwa na kaseti moja tu, ya mashindano ya magari, na kaseti hiyo haikutoka ndani yake tena. Mama, aliyetoka Maniema na ndiye aliyefanya nyumba yetu izungumze Kiswahili katikati ya Kilingala cha ukoo wa papa, alisema ni upuuzi. Baada ya wiki alikuwa anatushinda wote. Siku moja alikuwa anapiga pasi, zamu yake ikafika, akaitua pasi ya mkaa bila kuangalia na kuikamata maneti. Aliitua juu ya kona ya mashine. Plastiki ikayeyuka, ikaacha shimo dogo lenye mdomo uliojikunja. Gari lake lilishinda. Papa alicheka mpaka akakaa chini.

Mama alifariki kwanza. Papa hakukawia kumfuata. Nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari, mkubwa wa watoto wanne, na wa mwisho alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Wakati wa matanga, ukoo ulikaa kikao uani. Tonton wetu wa Isangi, kaka mkubwa wa papa, ndiye aliyeongoza. Mpango ulikuwa tayari kabla hatujaitwa: mdogo wangu wa kiume aende kwake Isangi, anayemfuata aende kwa shangazi Banalia, mtoto mchanga naye Isangi, kwa mke wa tonton. Mimi ningetafutiwa mahali. Nilisema hapana. Msichana wa umri ule hasemi hapana mbele ya kikao, na kwa muda watu walijifanya hawakusikia. Nikasema tena. Tonton akaniuliza nitawalisha nini. Nikasema mikate. Wengine wakacheka, kwa sababu sikuwahi kukaanga hata mmoja.

Walikwenda kando, wakazungumza kwa lugha yao ya mto, wakarudi. Tonton akasema: "Bon. Weye umechagua batoto. Bintu ni ya ukoo."

Hiyo ilikuwa biashara yangu ya kwanza maishani, na sikujua hata kwamba ni biashara. Nilibaki na watoto. Wao walichukua kitanda, friji, cherehani, vyombo, redio. Nyumba haikuwa yetu, tulikuwa wapangaji, kwa hiyo hata kuta hazikubaki. Televisheni ikaangukia fungu la shangazi wa Banalia. Mashine ya michezo ikaangukia fungu la tonton.

Na hapo wakafanya kosa moja. Tonton alipoona maneti mbili na nyaya zake, alidhani ni za televisheni, za kubadilishia picha. Shangazi naye alipoziona alijua ni za mashine. Siku ile hakuna aliyetaka kuonekana anagusa fungu la mwenzake, wala hakuna aliyetaka kuuliza na kuonekana hajui. Kila mmoja alizisukuma kwa heshima upande wa mwingine. Kwa adabu hiyo yote, maneti mbili zikabaki sakafuni katika chumba kitupu. Niliziweka ndani ya mkoba wa shule, ambao haukuwa na kazi tena.

Tulihamia chumba kimoja hapa Kabondo. Nilijifunza kukaanga. Mikate ya kwanza ilikuwa migumu, mteja mmoja aliniuliza kama nauza kwa ajili ya kujenga. Maneti nilizitundika kwenye msumari. Wadogo zangu walikuwa wanazitungua, wanakaa wawili wawili kuelekea ukuta, wanabonyeza na kunguruma kwa midomo kama injini za magari. Aliyenguruma kwa nguvu zaidi ndiye aliyeshinda. Walikuwa wanagombana kweli kuhusu nani amempita nani kwenye ukuta ule mtupu.

Mikate ilipoanza kuacha kitu zaidi ya unga wa kesho, nikaanza kuangalia sokoni. Mashine ya kwanza niliyoileta nyumbani haikukubali maneti zetu. Tundu lake lilikuwa la umbo lingine. Basi nikatafuta maneti za ile. Nikapata, lakini zilikuja na mashine ya tatu, isiyo na waya. Makosa yangu yaliendelea kuleta ndugu zao, na mimi nikaendelea kuwapokea. Mashine ya aina ya papa sikuiona kabisa. Maneti zake ndizo zilizokuwa zinakuja, moja leo, nyingine baada ya miezi, kwenye magunia ya nyaya na rimoti zilizovunjika. Nilizinunua zote. Kila maneti ya aina ile iliyotua Kisangani, nilihakikisha imeishia kwenye kartoni langu.

Sikuzihitaji, nilikuwa na mbili nzuri. Lakini watu wanaotoka Isangi walikuwa wamenieleza kwamba mashine iko kwa tonton, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma na kuwekewa maua ya plastiki. Nilijua iko pale bila mikono. Sikutaka ipate mikono ya mtu mwingine.

Wadogo zangu walipokua walianza kunisukuma. Yule wa kiume, ambaye sasa anaendesha pikipiki ya abiria, aliniambia zaidi ya mara moja, mimi yaya wake, dada mkubwa: "Yaya, panda mashua, enda Isangi, uinunue. Weye unaweza kumunyonya hata muuzaji wa chumvi." Angelipa yeye nauli. Nilikataa kila mara, kwa sababu ile ile. Nikiinunua, nimekubali kwamba ilikuwa ya tonton kuuza. Nikiiomba, nimekuwa ombaomba wa kitu chetu. Na yeye kurudisha asingerudisha, maana kurudisha ni kusema mbele ya watu kwamba alichukua kwa yatima. Nilitaka irudi. Lakini nilitaka irudi bila mimi kuinama.

Kwa hiyo miaka ikapita hivyo, yeye na mashine yake, mimi na maneti zangu, na mto katikati ukifanya kazi zake.

Msimu wa mvua uliopita, mchana, nilikuwa kwenye mafuta mbele ya nyumba. Toleka ikasimama. Akashuka mzee mwenye kofia, na kikapu cha samaki wa kukaushwa kwa moshi, na furushi lililofungwa ndani ya kikwembe cha kijani, kitenge cha kike. Aliniuliza kwa Kilingala kama hapa ndipo kwa yule mama wa maneti. Sokoni amezunguka kote, akasema, kila muuzaji anamwambia zote zilikwenda kwa mama fulani wa Kabondo.

Nilimjua kabla hajamaliza. Yeye alichelewa kidogo. Aliangalia uso wangu, kisha mikono yangu, ambayo ni mikono ya papa, kila mtu husema. Akasema: "Ni weye?"

"Ni miye, Tonton. Karibu, ukae."

Nilimpa kiti kizuri na maji ya kunywa. Hakuna mtu atakayesema sikumpa maji. Tulipitia habari kwa mpangilio wake: safari, mashua iliyokwama kwenye mchanga, mvua, waliozaliwa, waliokufa. Nilimpa mikate ya moto, akala, akasifu. Sikumkumbusha kicheko cha kikao. Wakati wote huo furushi lilikuwa miguuni pake, na sikuhitaji lifunguliwe. Umbo lake nililijua kama unavyojua kichwa cha mtoto wako chini ya blanketi.

Mwishowe akalifungua. Mashine ilikuwa imegeuka rangi ya njano, kama meno ya mvutaji. Kwenye kona, lile shimo la pasi ya mama na mdomo wake uliojikunja.

Alieleza. Mwanawe mkubwa ana simu, ameona humo kwamba Wazungu wananunua mashine za zamani. Mfanyabiashara mmoja anayeshuka Kinshasa amekubali kuichukua, lakini ikiwa kamili tu, na maneti zake mbili. Mashua inaondoka kesho asubuhi. Basi nimpe maneti mbili, naye atanitazama vizuri akishalipwa, sisi ni ukoo.

Nilikuwa nageuza mikate, na mikate ikiachwa inaungua. Majirani wawili waliokuja kununua walikuwa wamelipa na kupokea, na bado hawakuwa wameondoka.

"Unazo nyingi," akasema. "Wamenieleza. Maneti bila mashine iko ya nini?"

"Na mashine bila maneti, Tonton?"

Akavua kofia, akaivaa. Akasema ile mashine ni kitu cha ndugu yake. Nikasema ni kitu cha papa yetu. Yote mawili yalikuwa kweli. Baadaye akasema, polepole, kama mtu anayesoma karatasi ya zamani: "Siku ile weye ulichagua batoto."

"Ndiyo. Na niko nao."

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya shule, ametoka darasani, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Tonton akamwangalia, akaniuliza huyu ni nani. Nikamwambia ndiye yule mchanga ambaye angekwenda kwa mke wake. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida. Mdogo wangu akamsalimia vizuri, kama nilivyomfundisha, na akaingia ndani. Nilisikia anatungua kitu kwenye msumari.

Ningeweza kumfukuza. Nilikuwa na haki hiyo na nilikuwa na moto wa kutosha. Angeondoka na mashine yake isiyo na mikono, ingerudi juu ya kabati, au ingeishia kwa fundi wa redio na nyundo. Niliona hilo waziwazi, kona ya mama yangu ikitupwa kwenye jalala na transfoma ikibaki. Pia ningeweza kutoa pesa. Nilikuwa nazo. Mkono wangu ulikwenda mpaka kwenye fundo la kikwembe nilichovaa, ninapofunga pesa, ukasimama pale. Kisha nikaona kikapu.

"Hao samaki," nikasema, "iko bei gani?"

Alishangaa. Akasema ni wa kuuza sokoni, si wa hapa. Nikamuuliza tena. Akataja bei, na ilikuwa bei ya kumtajia mtu wa mji aliyefika jana, bei isiyo na aibu. Jirani wa kikundi cha maombi akaguna. Wote walinitazama, wakisubiri nianze kazi yangu: niinue samaki, ninuse, nilalamike, niondoke, nirudi.

Sikuinua samaki hata mmoja. Nilifungua fundo, nikalipa kikapu kizima kwa bei aliyoitaja. Jirani alinishika bega, nadhani alifikiri lotoko imenifikia kweli.

Tonton alizipokea pesa kwa mikono miwili. Nikavuta kikapu upande wangu. Nikafuta mikono. Nikasema: "Tonton, tangu siku ya matanga sijakuomba matabisi. Leo naomba."

Alielewa mara moja, mzee wa biashara za mto hahitaji kuelezwa. Lakini alijaribu. Akainama juu ya kikapu ambacho sasa kilikuwa changu, akatafuta kasamaki kadogo, akakaweka juu ya wengine. Mmoja wa majirani akacheka puani. Nilikachukua kale kasamaki na kukarudisha mkononi mwake, taratibu. Nilibaki nimenyosha kiganja.

Ndani ya nyumba, mdogo wangu akaanza kunguruma. Kwa chini, kwa midomo, kama injini ya gari linalosubiri kuondoka. Sijui kama alifanya kwa utani au kwa hasira. Sikumgeukia.

Tonton alitazama barabara. Toleka iliyomleta ilikuwa bado imesimama, mwendeshaji ameweka mguu chini, naye amesahau kwamba anapoteza abiria wengine. Hakukuwa na mtu pale asiyejua sheria. Mzee aliyeuza kikapu kizima kwa bei yake mwenyewe, bila kushushwa, kwa mtoto wa ndugu yake, na akakataa matabisi, habari hiyo ingefika Isangi kabla yake. Na aliyetoa matabisi hajarudisha kitu cha mtu. Hajauza wala hajakiri. Ameongeza tu, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Akainama. Alishika kile kikwembe cha kijani kwa pembe mbili, akakivuta polepole kutoka chini ya mashine, akakikung'uta, akakikunja mara nne.

"Kikwembe iko ya tantine yako," akasema, maana yake mkewe.

Mashine akaiacha pale pale, kwenye udongo, kando ya mafuta yangu.

Nilimfungia mikate ya njiani. Alipanda toleka na kofia yake na kikwembe chake, akaniambia nimsalimie mdogo wangu wa kiume. Nilisema nitamsalimia.

Watu wameniuliza tangu siku ile kama nilimsamehe. Jirani yangu anataka sana iwe hivyo, angeisimulia vizuri kwenye maombi. Nilinunua samaki. Hilo ndilo nililofanya, na mwenye kutaka zaidi amwendee yeye akamuulize.

Jioni ile wote wanne tulikuwa nyumbani, hata yule anayesomea uuguzi aliomba ruhusa akaja. Maneti mbili za kwenye msumari ziliingia kwenye matundu yake bila kusukumwa. Tuliunganisha kwenye televisheni ya mgongo mkubwa niliyoipata kwa kununua feni. Hatukupata kitu. Taa nyekundu haikuwaka. Nilipoifungua, mende walikuwa wamezaa humo vizazi na vizazi, na unyevu wa Isangi ulikuwa umekula kila kilichoweza kuliwa. Mdogo wangu wa kiume akasema tuitoe moyo na kuweka wa mashine nyingine, sura itabaki ile ile. Nikamwambia hakuna mtu atakayetoa kitu ndani yake. Fundi mmoja wa redio alisikia, akaja na bei ya transfoma, nilimuuzia mikate.

Nitaitengeneza mimi, sehemu kwa sehemu, kwa lotoko na subira, na itawaka. Na isipowaka, itakaa hapa hapa, kamili, na kona yake iliyoyeyuka, na maneti zake zimeingia ndani. Siitafutii mtu wa kuipenda. Wanaosema ni takataka wanaweza kuendelea kusema, wakipita wanunue mikate.

Wale samaki ndio ghali zaidi niliowahi kununua. Walikuwa wameungua upande mmoja na wabichi upande mwingine, hata mwanafunzi mwenye njaa angekataa. Nilisukuma kartoni moja ya kaseti katikati ya chumba iwe meza, nikapika ugali na sombe, majani ya mihogo. Tuliwala wote, tukagombania vichwa.